Shelisheli kwa siku tisa: pa kukaa, pa kupita na pa kurudi

Kwa msemaji wa Kiswahili, shelisheli ni tunda kabla halijawa nchi: lile tunda la kijani lenye ngozi ya vipele, linalochemshwa, kukaangwa au kuungwa kwa tui la nazi. Wenyeji wa visiwa vya Shelisheli huliita friyapen kwa Krioli yao, nao hupenda kumwambia mgeni kwamba akishalila nchini mwao hana budi kurudi. Mimi nililila siku ya kwanza, likiwa limekatwa vipande vyembamba, kukaangwa hadi kukauka na kutiwa chumvi, kutoka katika mfuko nilioununua sokoni Victoria. Siku tisa za mwezi wa Agosti nilizunguka visiwa vya Mahé, Praslin na La Digue, nikiandika daftarini kila jioni ni wapi palipostahili nauli na ni wapi ningeweza kupita bila kushuka.

Nchi hii ina visiwa 115, na matangazo yake karibu yote huonyesha kitu kimoja: mchanga mweupe, mnazi ulioinama na jiwe kubwa lililolainishwa na mvua. Picha hizo si za uongo. Hata hivyo, anayekwenda kwa ajili ya fukwe peke yake ni kama anayenunua kanga kwa kutazama pindo bila kuikunjua aone mji wake. Visiwa vikuu vya Shelisheli ni vilele vya milima ya itale, mabaki ya bara la kale lililopasuka na kusambaa, na mawe yake yana umri wa takriban miaka milioni 750, wakati visiwa vingi vya bahari kuu duniani ni vya volkano au vya matumbawe. Kwa sababu hiyo mlima huanza pale pale ufuko unapoishia, na msitu unaoufunika una mimea isiyoota popote pengine. Nimevipima vivutio kwa kipimo hicho, na msomaji anayetaka kulala juani tu atanisamehe nikimpitisha haraka pwani.

Tuanze na Victoria, mji mkuu, ambao nusu siku inautosha. Mnara wa saa uliosimikwa mwaka 1903 kwa kumbukumbu ya Malkia Victoria ni mdogo kiasi kwamba nilipita mara mbili nikiutafuta huku nikiwa nimesimama karibu nao, na sioni sababu ya kuutengea zaidi ya dakika tano. Hekalu la Kihindu lenye mnara uliojaa sanamu za rangi liko hatua chache kutoka hapo, na mgeni anaruhusiwa kuingia akivua viatu. Kivutio cha kweli cha mji ni soko la Sir Selwyn Selwyn-Clarke, hasa Jumamosi asubuhi. Samaki wekundu, jodari na pweza hupangwa juu ya meza zenye maji yanayochuruzika, na kati ya wauzaji husimama ndege weupe, yangeyange, wakingoja matumbo ya samaki kwa subira ya watu waliopanga foleni. Mmoja aliruka juu ya mizani wakati muuzaji akinipimia, akasukumwa kwa kiwiko bila hata kutazamwa, akarudi. Wenyeji humwita Madanm Paton. Viungo vinauzwa upande wa pili, na mdalasini wa magome ndio ningeushauri ununuliwe, kwa kuwa mdalasini umeota kila mlima wa Mahé tangu enzi za Wafaransa.

Kutoka Victoria kuna barabara ya Sans Souci inayopanda mlima, ikavuka kisiwa na kuteremkia Port Glaud upande wa magharibi. Kama ningelazimika kuchagua safari moja tu katika Mahé yote, ningeichagua hii, na ningepanda basi la umma. Barabara ni nyembamba, ina kona zinazogeuka juu ya kichwa cha kona iliyotangulia, na pembeni mwake mara nyingi pana mtaro mrefu usio na ukingo. Dereva wa basi aliyezikata kona hizo miaka nenda miaka rudi anazijua kuliko mgeni mwenye gari la kukodi. Inapita ndani ya hifadhi ya taifa ya Morne Seychellois, iliyotangazwa mwaka 1979, inayochukua zaidi ya sehemu moja ya tano ya kisiwa na kubeba kilele kirefu kuliko vyote nchini, mita 905.

Katikati ya safari hiyo shukia Mission Lodge, mahali ambapo watalii wengi hupiga picha ya bahari kisha wakarudi garini. Ni kosa. Kati ya mwaka 1861 na miaka ya mwanzo ya 1870, meli za kivita za Uingereza zilizokuwa zikikamata majahazi ya watumwa kwenye pwani ya Afrika Mashariki zilishusha Mahé watu zaidi ya 2,000 waliookolewa. Watoto wao walijengewa shule na wamisionari wa Kianglikana mahali hapa mwaka 1876, katika makazi yaliyoitwa Venn's Town, nayo ikafungwa mwaka 1889. Leo zimebaki kuta fupi za mawe zilizoota ukungu, ngazi zisizofika popote, na njia iliyozungukwa na miti mikubwa. Kibanda cha kutazamia mandhari ambako Malkia Elizabeth wa Pili aliandaliwa chai mwaka 1972 kiko mwisho wa njia hiyo, na kutoka hapo pwani yote ya magharibi huonekana. Lakini mtu atokaye Mombasa, Bagamoyo au Kilwa akisimama kwenye zile ngazi hawezi kuitazama bahari kama mandhari tu, kwa sababu wazazi wa baadhi ya watoto waliozipanda walitoka upande huo. Nilikaa saa moja na nusu, basi likanipita, nikangoja jingine bila manung'uniko.

Mwenye miguu mizima apande Copolia, njia inayoanzia kwenye barabara hiyo hiyo. Ni kama saa moja ya kupanda, mizizi ikiwa ndiyo ngazi, na sehemu ya mwisho ni jabali tupu ambalo likilowa huteleza kama sabuni. Kwa hiyo anza asubuhi na uache ikiwa mvua imenyesha. Juu yake huota mmea wenye vitungi vya rangi ya manjano na nyekundu, vyenye vifuniko vidogo, ambavyo hunasa wadudu kwa sababu udongo wa jabali hauna chakula cha kuutosha. Niliinama kutazama ndani ya kitungi kimoja nikaona siafu wawili na mbu wakielea katika maji yasiyofika kijiko kimoja. Usiuguse, kwa kuwa mmea huo hauoti porini nje ya Shelisheli, na kila mgeni akichuma kitungi kimoja cha kumbukumbu jabali litabaki tupu.

Kuhusu fukwe za Mahé sitasema mengi, ila neno moja la pepo ambalo mabango ya hoteli hulikwepa. Kusi huvuma tangu Mei hadi Septemba, na wakati huo Beau Vallon, iliyo upande wa kaskazini-magharibi, hutulia kama sinia la maji, ilhali Anse Intendance ya kusini, iliyo nzuri kuliko Beau Vallon kwa macho, huwa na mawimbi yanayovunjika ufukweni moja kwa moja kwa kuwa hakuna mwamba wa kuyazuia. Watu wamekufa kwenye fukwe za namna hiyo. Kaskazi ikiingia, kuanzia Desemba hadi Machi, mambo hugeuka na Beau Vallon ndiyo huchafuka. Maleleji ya Aprili na ya Oktoba hadi Novemba ndio wakati bora kwa anayetaka kuogelea na kupiga mbizi pande zote. Jumatano jioni Beau Vallon huwa na soko la wazi liitwalo Bazar Labrin, lenye samaki wa kuchoma na, ukibahatika, ngoma ya moutya, ambayo UNESCO iliitambua kama urithi mwaka 2021. Ngoma zake hupashwa moto ili ngozi ikaze, na asikiaye mlio wake hahitaji kuelezwa asili yake ni bara gani.

Praslin ni mwendo wa saa moja kwa boti au robo saa kwa ndege ndogo. Katika kusi, mwenye tumbo jepesi alipe ndege. Mimi nilibana senti nikapanda boti, na nusu ya abiria wa chumba chetu walishuka wakiwa wameshika mifuko ya karatasi waliyogawiwa mapema na wahudumu waliojua kinachokuja.

Vallée de Mai ndiyo sababu ya kwenda Praslin, na kwa maoni yangu ndiyo sababu ya kwenda Shelisheli. Ni bonde la hekta zipatazo 19.5 tu, lililoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1983, ambamo aina zote sita za mitende na minazi ya asili ya visiwa hivi huota pamoja, mkubwa wao ukiwa ni mnazi wa koko d-mer. Mbegu yake ndiyo nzito kuliko mbegu zote za mimea duniani na yaweza kufikia kilo 25. Karibu na lango kuna maganda ambayo mgeni huruhusiwa kuyainua. Niliinua moja kwa mkono mmoja, nikashindwa, nikatumia miwili, na mwongoza wageni, mama wa makamo, akanitazama kwa tabasamu la mtu aliyekwisha kuona wanaume wengi wakijaribu mkono mmoja kwanza. Umbo la nazi hiyo linafanana mno na kiuno cha mwanamke, na ua la mti dume nalo halifichi linafanana na nini; ni kufanana huku kulikomfanya Jenerali Gordon, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyefika hapo mwaka 1881, aamini kwamba hili ndilo lililokuwa bustani ya Edeni.

Ndani ya bonde jua halifiki chini. Majani ni mapana kuliko mlango, yamekunjamana kama kipepeo cha ukili, na upepo unapoyagonganisha husikika mlio mkavu kama wa mabati yanayovutwa. Nilikuwa peke yangu kwenye njia ya nyuma upepo wa kusi ulipopita juu, na kelele ile ilinifanya niangalie juu zaidi ya mara moja, kwa sababu nazi ya kilo ishirini huning'inia huko kwa miaka sita au saba kabla ya kukomaa. Kwenye maua ya mti dume tafuta mijusi ya kijani inayolamba utomvu, na asubuhi na mapema sikiliza mluzi wa kasuku mweusi, ndege wa taifa, ambaye kwa kweli ni wa kahawia. Fika lango linapofunguliwa, kabla ya mabasi ya makundi. Kiingilio si kidogo, lakini taasisi inayolisimamia bonde hili ndiyo inayosimamia pia Aldabra, kisiwa cha mbali chenye kobe wakubwa zaidi ya 100,000, na mapato ya hapa husaidia ulinzi wa kule, ambako msafiri wa kawaida hafiki. Atakaye kununua nazi ya koko d-mer aangalie iwe na cheti rasmi. Bila hicho itabaki uwanja wa ndege.

Anse Lazio, kaskazini mwa Praslin, inasifiwa kila mahali, na safari hii wanaoisifu wana haki. Grand Anse ya kisiwa hicho hicho, kinyume chake, ilikuwa imejaa mwani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kwa sababu ya kusi. Hapo ndipo nilipokuwa nimekodi chumba kilichotangazwa kuwa na mandhari ya bahari. Bahari ilikuwapo, kwa yule atakayesimama juu ya kibago cha bafuni na kuchungulia dirisha la juu. Mwenye nyumba alipoulizwa alijibu kwa upole kwamba tangazo halikusema mandhari hayo yanaonekana kutoka chumba gani. Somo nililolipata ni kuomba picha iliyopigwa kutoka kitandani kabla ya kulipa.

Kutoka Praslin huenda boti za siku moja kwenye visiwa vidogo, na kati ya Curieuse na Cousin ningewashauri wenye watoto waende Curieuse na wengine waende Cousin. Curieuse ina kobe wakubwa wanaotembea huru, njia ya mbao katikati ya mikoko, na nyumba ya daktari iliyobaki tangu enzi ambazo kisiwa kilikuwa makazi ya wagonjwa wa ukoma. Kobe akikunwa shingoni husimama juu ya miguu yake yote minne na kunyoosha shingo kadiri iwezekanavyo, akafumba macho. Mtoto mmoja wa kundi letu alimkuna hadi mkono ukachoka, na kobe akabaki amesimama akidai zaidi.

Cousin ni habari nyingine. Kilinunuliwa mwaka 1968 ili kuokoa ndege mdogo wa kahawia ambaye wakati huo walikuwa wamebaki chini ya 30 duniani kote. Minazi ya shamba ikaondolewa, msitu wa asili ukarudi, na leo ndege hao ni maelfu na wamehamishiwa visiwa vingine kadhaa. Wageni hupokelewa asubuhi za siku za kazi tu. Boti yako haigusi mchanga, bali walinzi huja kukuchukua kwa chombo chao ili panya asije akaingia na mizigo. Hapo buabua weupe hutaga yai moja juu ya tawi tupu, bila kiota wala unyasi mmoja, na kinda hukaa papo hapo likishikilia gamba kwa kucha. Niliona moja usawa wa kifua changu, umbali wa mkono, nalo halikutishika. Ng'amba hupanda kutaga mchana kweupe kuanzia Oktoba, hivyo mimi wa Agosti sikuwaona. Niliona mbu, na waliniona.

La Digue ni robo saa ya boti kutoka Praslin, kisiwa cha kilomita za mraba kumi tu, ambako baiskeli ndiyo usafiri wa mtalii, wa mwalimu na wa mama anayetoka dukani na gunia la mchele. Watu huja asubuhi, hupiga picha Anse Source d'Argent na kurudi jioni. Nawashauri walale usiku tatu. Source d'Argent yenyewe hufikiwa kupitia shamba la L'Union, kwa kiingilio, na shamba hilo linastahili saa yake: kuna kinu cha mafuta kinachozungushwa na ng'ombe, tanuri la kukaushia mbata, na mivanila inayochavushwa kwa mkono, ua moja baada ya jingine, kwa mbinu iliyogunduliwa mwaka 1841 na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa kisiwa cha Réunion. Ufukweni maji ni ya magotini, na yakipwa hayatoshi kuogelea, lakini ndipo unapoweza kuzunguka mawe hadi vijiufuko vya mwisho ambako umati haufiki. Nenda alasiri, itale inapogeuka rangi ya waridi.

Kwangu mimi upande wa pili wa kisiwa ulikuwa bora. Ukivuka kilima kwa baiskeli unafika Grand Anse, ambako mawimbi ya kusi hayachezewi na kibao cha onyo kimewekwa kwa sababu, kisha kwa miguu unapita Petite Anse hadi Anse Cocos. Jua lilikuwa kali, njia ilipita kwenye matope na mawe, na mwishoni nilikuta ufuko mrefu wenye watu saba. Karibu na kijiji kuna pia hifadhi ndogo ya ndege aitwaye vev, yaani mjane, kwa sababu dume lake ni jeusi tii na huburuta mkia mrefu kama mtandio. Niliungoja mkia huo kwa dakika arobaini, ukapita kwa sekunde tatu. Jambo moja la tahadhari: tarehe 15 Agosti kisiwa huadhimisha sikukuu ya kanisa lake, watu humiminika kutoka Mahé na Praslin, na asiyeweka chumba miezi kabla hatapata hata sakafu.

Gharama ni kubwa, na asikudanganye mtu. Nafuu iko kwenye mabasi ya umma ya Mahé na Praslin, ambayo hata hivyo hayapendi mizigo mikubwa na hupungua sana baada ya magharibi, na kwenye vibanda vya chakula cha kubeba ambako kari ya pweza ya tui la nazi na wali hutolewa kwa kisanduku kinachoshibisha watu wawili wasio walafi. Ongeza ladob, ndizi zilizopikwa kwa tui, vanila na kungumanga, ambazo mpishi yeyote wa pwani yetu angezitambua kwa harufu. Kabla ya kusafiri omba idhini ya kuingia kwa njia ya mtandao, na utokaye nchi yenye homa ya manjano beba cheti cha chanjo.

Siku ya mwisho iweke kwa Moyenne, kisiwa kilicho ndani ya hifadhi ya bahari ya Ste Anne, mkabala na Victoria. Brendon Grimshaw, mhariri wa magazeti aliyewahi kufanya kazi Afrika Mashariki, alikinunua mwaka 1962 kikiwa kichaka, na pamoja na René Lafortune, mwenyeji, wakapanda miti ipatayo 16,000 na kuleta kobe. Alikataa kukiuza kwa matajiri, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008, naye akafa mwaka 2012 na kuzikwa hapo hapo. Njia inayokizunguka huchukua chini ya saa moja, isipokuwa kobe akilala katikati yake, nasi tulikutana na wawili, kwa hiyo tulipita vichakani. Tulishuka botini maji yakiwa magotini. Muulize nahodha saa ya kurudi kabla hujaukanyaga mchanga, kwa sababu maji yakipwa boti hukaa mbali na utaifuata kwa miguu juu ya matumbawe.